Gugu la Maua Yainamayo

Katika jamii ya Boraginaceae mna jenasi ndogo iitwayo Trichodesma, yenye spishi zipatazo 40 zilizotapakaa Afrika, Asia na Australia, ambayo Robert Brown wa Uskoti aliibainisha mwaka 1810. Iliyo maarufu zaidi kwetu ni Trichodesma zeylanicum, gugu la mashamba na kando za njia, ambalo mwenye kupalilia mtama au mahindi huko Migori na Homa Bay, Kenya, hulitambua kwa mkono kabla ya jicho, kwa kuwa shina na majani yake yamejaa nywele ngumu, kila moja imeota juu ya kichunusi cheupe.

Ua lake la samawati iliyofifia huelekea chini, na ukiliinua utaona katikati machavulio matano yameshikamana yakawa koni, vincha vyake vimesokotana kama kamba. Chavua imo ndani, wala haimtokei kila mdudu apitaye: kwa Trichodesma boissieri wa nchi za Sham, wataalamu wamewaona nyuki wakiikumbatia koni na kuitetemesha kwa misuli ya mabawa hata ikamwaga unga wake.

Ua likisha kupukutika, sepali hukua zikavifunika vimbegu vinne. Na humo, kama katika majani, mna alkaloidi za pirolizidini, ambazo ini, katika juhudi ya kuziondoa mwilini, huzigeuza zikawa sumu yenye kulihilikisha lenyewe. Katika miaka ya 1970, kaskazini-magharibi ya Afghanistan, mbegu za Heliotropium, jenasi ya jamii hii hii, zilichanganyika na ngano, na maelfu ya watu wakaugua ini, matumbo yakajaa maji, na wengi wakafariki.

Mbegu za magugu huingia kwa kuwa ngano hukatwa chini kwa mafungu, na magugu humo humo. Ilhali mtama na wimbi wetu aghalabu hukatwa suke kwa suke kwa kisu, na hindi huvunjwa peke yake kwenye bua, hata mbegu ya gugu hukosa njia ya kufika ghalani. Hata hivyo, mavuno ya namna hiyo hayamkingi mbuzi alishaye shambani, wala mtu achemshaye majani ya gugu hilo akayanywa kwa dawa. Na kwa kuwa gugu hili huishi msimu mmoja na kurudi kwa mbegu tu, mkulima aling'oe mapema, lingali na maua.