Ana Sababu ya Kuhuzunika, Lakini Apelekwe Hospitali

Sisi tulio ughaibuni tuna jibu la haraka tukiambiwa kwamba ndugu aliyeko Ulaya (ile ya Kilosa, njia ya Mikumi, si hii ya barafu) amekuwa mkimya, halali, na shamba limemshinda: "Jamani, kwa yaliyompata, nani asingekuwa hivyo?" Lina huruma jibu hilo, na mara nyingi ni kweli. Kilosa haijakosa vya kuwaliza watu. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko ya Mto Mkondoa yaliwaacha maelfu bila makazi, wengine wakahamia kwenye mahema. Hapo sijataja mahindi yaliyokauka, deni la pembejeo wala mtoto aliyezikwa. Kosa letu ni kudhani kwamba huzuni yenye sababu haiwezi kuwa ugonjwa, kwa hiyo tunangoja sababu iishe. Kuna sababu zisizoisha.

Ushahidi dhidi ya dhana hiyo upo jirani tu. Mwaka 2002 watafiti walifanya kazi katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, wilaya zilizokuwa zimeteketezwa na Ukimwi. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kukata tamaa, ni wale. Vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Katika nusu yake, watu wenye sonona (huzuni iliyogeuka ugonjwa) walikutana kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, daktari hakuwepo. Matokeo yalichapishwa 2003: miongoni mwa waliopata huduma, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5; kwa wasioipata, asilimia 54.7. Umaskini ulikuwa uleule na makaburi yalikuwa palepale. Atakayesema muda huponya ana hoja, maana hata bila huduma karibu nusu walipata nafuu. Lakini zaidi ya nusu hawakupata, na kwa kumtazama mtu mwanzoni huwezi kujua ataangukia upande gani.

Basi tusiulize kwa nini ana huzuni; tuulize imekaa muda gani na imemnyang'anya nini. Dodoso linalotumika sana duniani, lenye maswali tisa, na ambalo limetafsiriwa kwa Kiswahili, halina hata swali moja kuhusu chanzo. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo uliyoyapenda, usingizi, kula, uchovu, kujiona huna maana, kushindwa kutuliza akili, mawazo ya kufa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, na kwa kawaida alama 10 na kuendelea humtaka mtu akaonwe na mtaalamu. Ila kwenye simu ndugu hatakwambia "nimekata tamaa." Atakwambia kichwa kinawaka moto, mwili mzima unauma, moyo unakwenda mbio, amepimwa malaria mara tatu hana. Yale malalamiko ya mwili yanayozunguka bila jibu, pamoja na jembe lililolala msimu mzima, yanatosha kumpeleka.

Apelekwe wapi? Wengi wakisikia "matibabu ya akili" wanaona lango la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, na kwa kuwa ndugu yao si mwendawazimu, wanamwacha nyumbani. Ajabu ni kwamba Morogoro, mkoa ilipo Kilosa, pamoja na Kilimanjaro, ndiyo mikoa iliyochaguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kujaribu mpango wa kushusha huduma hizi hadi zahanati. Njia ya kuanzia ni zahanati au kituo cha afya, kisha rufaa. Kuhusu mganga wa kienyeji na maombi, sioni faida ya kugombana. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2003 ulikuta sonona, wasiwasi na matatizo ya aina hiyo kwa asilimia 48 ya wateja wa waganga, dhidi ya asilimia 24 katika kliniki. Yaani mgonjwa tayari anatafuta msaada. Aombewe, na hospitali aende.

Zile wiki mbili za dodoso hazimhusu anayezungumzia kujiua. Huyo hangojwi hata siku moja, haachwi peke yake, na dawa za kuulia wadudu zitolewe nyumbani leo hii. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinakifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na naamini hofu ya polisi inawaziba watu midomo. Kumwambia tabibu kwamba una mawazo hayo si kosa.

Na tukituma pesa, iwe nauli ya watu wawili, maana mtu aliyeishiwa nguvu hatapanga foleni peke yake. Tuweke na ya kurudi kliniki: dawa za sonona kama amitriptilini hutangulia kukausha mdomo na kuleta usingizi, nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na wengi huziacha hapo katikati wakidhani zimeshindwa.