Majonzi Yakifungiwa Ndani Huleta Maradhi

Msomaji, kama huzipendi sinema za kuogofya, huenda hujaiona The Babadook ya mwaka 2014, kazi ya Jennifer Kent wa Australia. Ndani yake mna zimwi la kutisha, lakini ukiitazama kwa jicho la daktari utakuta ni habari ya mjane mgonjwa.

Mumewe Amelia alikufa katika ajali ya gari akimkimbiza hospitalini kujifungua. Miaka imepita, lakini jina la marehemu halitajwi nyumbani. Vitu vyake vimefungiwa katika chumba cha chini. Mtoto hafanyiwi sherehe tarehe aliyozaliwa, kwa kuwa ndiyo tarehe aliyokufa baba. Basi mtoto anaanza kuliogopa zimwi na kuunda silaha za kupigana nalo. Mama hapati usingizi, hasira zinamzidi, na hatimaye yeye mwenyewe anakuwa hatari kwa mwanawe.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Kule Kimilili, mzee wa Kibukusu mwenye heshima zake akifa hufanyiwa kumuse. Siku chache baada ya maziko watu huketi uwanjani, naye mzee aliyejaliwa ulimi hupita katikati yao akieleza habari za ukoo na za kifo, na kukaripia yaliyoharibika. Kila mtu husikia maneno yale yale, pasiwe na la kunong'onezana. Kwa maoni yangu hiyo ni dawa kubwa ya nafsi.

Lakini kumuse si ya kila marehemu. Kijana aliyejinyonga hapewi. Na wakati Ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu miaka ya 1990, matangazo mengi ya vifo yalisema tu kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu". Watoto wengine waliambiwa baba amesafiri. Mtoto wa namna hiyo hungoja. Akiona wakubwa wananyamaza kila aingiapo, hujitungia sababu, na mara nyingi hujilaumu: nilikataa kumletea maji, ndiyo maana akafa. Huanza tena kukojoa kitandani, au kuumwa tumbo lisiloonekana ugonjwa.

Majonzi yenyewe si ugonjwa. Kulia, kukosa hamu ya chakula, hata kudhani umesikia sauti ya marehemu, ni mambo ya kawaida. Ila tangu 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua majonzi yaliyopita kiasi: yanayodumu zaidi ya miezi sita, kupita desturi za jamii ya mfiwa, na kumzuia kufanya shughuli zake. Tiba yake hasa ni mazungumzo na mshauri, ambaye humwongoza mfiwa kidogo kidogo aisimulie siku ile anayoikwepa. Vidonge vya usingizi peke yake haviponyi. Anayetamka kwamba heri naye afe asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, iwe ya Kimilili au ile ya rufaa mjini Bungoma.

Na mtoto je? Mwambie "amekufa". Ukisema "amelala", ataogopa kulala. Kama mzazi alijiua, sema kwamba alikuwa mgonjwa wa akili, ugonjwa ukamfanya ajiue, na si kosa la mtoto. Akiuliza tena kesho, mjibu vile vile.