Kupunguza Mawimbi ya Kani katika Mota Nyoofu za Sumaku za Kudumu: Hoja ya Kuanza na Umbo kabla ya Kidhibiti

Mtu akichukua mota ndogo iliyotolewa kwenye printa mbovu, ya aina inayopatikana kwa mafundi wa vifaa chakavu Kinondoni na Temeke, akaizungusha kwa vidole bila umeme, atahisi inakwama na kuachia, inakwama na kuachia. Meno ya chuma huvutwa na sumaku hata pasipo mkondo. Mota nyoofu ni mfano wa mota hiyo iliyopasuliwa upande mmoja na kulazwa bapa. Hurithi mkwamo huo, kisha huongeza wake. Katika mashine ya kukata, mkwamo huonekana kama mistari juu ya uso wa kazi, hasa mwendo unapokuwa wa polepole.

Vyanzo vikuu viwili vya mkwamo huo havina budi kutenganishwa, kwa kuwa dawa ya kimoja haiponyi kingine. Cha kwanza ni mifuo iliyomo kati ya meno. Cha pili ni miisho miwili ya kiini cha chuma, ambayo mota ya kuzunguka haina kabisa.

Kwa mifuo, hesabu ya kwanza ni ya darasa la msingi: Kigawe Kidogo cha Shirika. Tuchukue kiini chenye mifuo 9 juu ya urefu wa milimita 144. Kikikabiliana na ncha 6 za sumaku, KDS ni 18, na wimbi hujirudia kila milimita 8. Kikikabiliana na ncha 8, KDS ni 72, na wimbi hujirudia kila milimita 2. Kwa kawaida, wimbi linapokuwa fupi kimo chake nacho hupungua. Hata hivyo, mpangilio wa 9 kwa 8 huleta mvuto usiolingana juu ya kiini, unaoweza kuamsha mtetemo na kelele. Si zawadi ya bure.

Njia ya pili ni kulaza sumaku mshazari kwa urefu wa wimbi moja. Kwa ncha 6, mlazo wa milimita 8 ni nyuzi 60 za umeme, na kani ya kusukuma hupungua kwa takribani asilimia 4.5. Kwa ncha 8, mlazo wa milimita 2 hugharimu takribani asilimia 0.5 tu.

Mlazo huo hausaidii miisho. Wimbi la miisho lina urefu wa hatua nzima ya ncha. Kulifuta kwa mlazo kungebakiza takribani asilimia 64 tu ya kani ya kusukuma. Dawa yake ni kurefusha au kufupisha kiini mpaka kani za miisho miwili zipingane. Vitabu huelekeza kuongeza nusu ya hatua ya ncha. Kwa maoni yangu hapo ni mahali pa kuanzia hesabu, wala si jibu, maana umbo la mwisho wenyewe husogeza awamu ya wimbi.

Kinachobaki huachiwa kidhibiti: kani hupimwa kila mahali, huandikwa katika jedwali, na mkondo wa kuipinga hutolewa kadiri kihisi kinavyoonyesha mahali. Hapa ndipo watafiti wengi huanzia, na hapa ndipo ninapotofautiana nao. Sumaku za neodimiamu (madini yaliyomo katika akiba ya Ngualla, mkoani Songwe) hupoteza takribani asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja. Mkwamo hufuata mraba wa uga sumaku. Kwa hiyo sumaku zikipanda nyuzi 30, uga hupungua kwa asilimia 3 na mkwamo kwa karibu asilimia 6. Jedwali lililopimwa asubuhi litasahihisha kupita kiasi mchana, chini ya bati, katika karakana ya Chang'ombe au Mbagala. Urefu wa kiini hauhitaji kupimwa upya kila jua linapopanda, na kosa la asilimia 6 juu ya mkwamo mdogo ni dogo.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza kifanyike kabla ya kuunganisha umeme: kiini kivutwe polepole kwa mizani ya springi, kani isomwe kila nusu milimita kwa mwendo wa kwenda na wa kurudi, na wastani wa masomo hayo mawili utenganishe mkwamo na msuguano wa reli.