Faili la Modi na Mahali pa Kuliweka

Kijana aliyejifundisha kuunda umbo la basi katika programu ya Blender, akalipaka rangi na nakshi za mabasi ya mikoani anayoyaona stendi kila siku, akalipa honi yake na ngurumo ya injini yake, kisha akalifunga katika faili moja ambalo mchezaji wa Bus Simulator Indonesia, gemu la simu lililotolewa na kampuni ya Maleo mwaka 2017, aweza kulitia katika simu yake na kuliendesha, amefanya kazi ya sanaa inayostahili heshima. Walakini kazi hiyo haimfikii mtu mpaka faili lile liwekwe mahali ambapo mgeni asiyemjua mwenyewe aweza kulichukua, na hapo ndipo wengi wa vijana wetu wa Tanzania na Kenya huamua kwa haraka jambo linalotaka mazingatio: hulipakia katika hifadhi ya kwanza waliyoisikia ikisifiwa, hunakili kiungo, hukibandika chini ya video ya YouTube au katika kundi la WhatsApp, na baada ya miezi michache kiungo kile hakifungui kitu, ilhali faili la asili lilikwisha kufutwa katika simu ili kupata nafasi ya picha.

Modi, kwa asiyeizoea, ni faili au fungu la mafaili lililotengenezwa na mchezaji, wala si na kampuni yenye gemu, ili kuongeza au kugeuza kitu katika gemu hilo. Basi moja la gemu la simu, faili ambalo jina lake huishia na .bussidvehicle, aghalabu halizidi makumi machache ya MB. Ramani ya Euro Truck Simulator 2, lile gemu la malori la kampuni ya SCS Software ya Prague, yaweza kufika mamia ya MB au kupita GB nzima. Na mafungu ya picha za kuzipamba nchi za gemu la Skyrim huzidi hapo. Kwa sababu mafaili haya ni mazito kuliko barua pepe iwezavyo kubeba, na wanaoyataka ni wengi, mtengenezaji hana budi kuyaweka katika kompyuta za watu wengine, ambazo siku hizi huitwa wingu, na kuzikubali sharti za wenye kompyuta hizo.

Mizani ya kwanza ambayo watu hupimia hifadhi ni ukubwa wa nafasi itolewayo bure, na kwa mizani hiyo MEGA, yenye GB 20, huonekana bora kuliko Google Drive yenye 15, nayo Drive bora kuliko MediaFire yenye 10, OneDrive ya Microsoft yenye 5, na Dropbox yenye 2. Naona mizani hii huwapoteza watu wengi. Chukua faili la MB 500: katika nafasi ya GB 15 hilo huchukua sehemu moja tu ya thelathini, lakini likipakuliwa na watu elfu moja, idadi ambayo basi zuri laweza kuifikia kwa siku chache, data iliyotoka imekuwa GB 500. Bohari yaweza kuwa na sakafu pana ya kutosha shehena ya majahazi kumi, na bado wachukuzi wakasongamana nje mchana kutwa kwa sababu mlango wake ni wa mtu mmoja. Mwenye modi, basi, auulizie mlango kabla ya sakafu.

Google Drive ndiyo ijulikanayo zaidi kwetu, kwani mwenye simu ya Android aghalabu anayo bila kuiomba, na hapa inafaa kuitazama kwa karibu. Faili likisha kupakiwa huwa limefungwa kwa wote isipokuwa mwenyewe. Asiyebadilisha mpangilio huo ili kila mwenye kiungo aweze kulifungua, huletewa maombi ya ruhusa na watu asiowajua, mmoja baada ya mwingine, nao huondoka wakidhani kwamba amewabania. Faili likipendwa sana, Drive huwafungia watu upakuaji na kuwaarifu kwamba wengi wamelitazama au wamelipakua kwa muda mfupi, nao wajaribu tena baadaye, pengine baada ya saa 24. Na msiba wake ni kwamba jambo hili hutokea siku ile ile ambayo modi imetoka na hamu ya watu ni kubwa. Fauka ya hayo, zile GB 15 zinashirikiwa na barua za Gmail na picha, hata mtu ajazaye modi humo hufika siku ambayo hawezi kupokea barua. Na jina la akaunti yake huonekana kwa kila mwenye kulifungua faili, kwa hiyo nashauri kila mtengenezaji afungue akaunti mbali kwa kazi hii, isiyo na barua zake wala picha za nyumbani kwake.

Pamoja na kasoro hizo, Drive ina fadhila moja ambayo wengi hawaijui. Modi hurekebishwa: taa ya nyuma haikuwaka, tairi limezama barabarani, toleo jipya la gemu limelikataa basi. Anayepakia faili jipya kando ya lile la zamani hupata kiungo kipya, na viungo vyote alivyokwisha kutawanya huendelea kuwapa watu faili bovu. Lakini Drive huruhusu kupakia toleo jipya ndani ya faili lile lile, kwa sehemu ya kudhibiti matoleo, na kiungo hubaki kama kilivyokuwa. Mtu aliyekwisha kuandika kiungo chake katika video ishirini atautambua uzito wa neema hii.

MEGA ina tabia nyingine. Faili husitiriwa kwa maandishi ya siri kabla ya kutoka katika kompyuta ya mwenyewe, na ufunguo wa kulifungua umo ndani ya kiungo, katika zile herufi ndefu zifuatazo alama ya reli. Anayenakili nusu ya kiungo amenakili anwani bila ufunguo, na mpokeaji ataulizwa ufunguo asiokuwa nao. Kazi ya kulifungulia faili hufanywa na kivinjari cha mpakuaji, jambo ambalo ni jepesi kwa kompyuta lakini huilemea simu ndogo, hasa faili likiwa kubwa; na mpakuaji asiyelipa ana kiasi cha data alichokadiriwa, kikisha hungoja. Kwa modi za kompyuta ni hifadhi nzuri. Kwa modi za simu siipendelei.

MediaFire, iliyoanza Marekani mwaka 2006, ndiyo iliyotawala katika modi za mabasi, na sababu zake si haba: haimlazimishi mpakuaji kuwa na akaunti, na faili hushuka moja kwa moja hata kwa simu ya bei nafuu. Gharama ya ubure huo ni matangazo. Ukurasa wa kupakua waweza kuwa na vitufe zaidi ya kimoja vyenye sura ya kupakua, na mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye ndiye mpenzi mkubwa wa magemu haya, hugusa kile chenye rangi kali, akajikuta anapakua programu asiyoitaka. Mwenye modi na aandike kandokando ya kiungo chake jina kamili la faili na uzito wake, ili mpakuaji aweze kulilinganisha na alichokipata. Na wale wanaokipitisha kiungo chao katika kurasa tatu au nne za matangazo ili wapate senti chache kwa kila mbofyo, naomba wafikiri kwamba kila ukurasa hula bando la mtu aliyenunua MB mia mbili kwa fedha ya chakula.

Kuna na hifadhi za kukodi, zile zitumiwazo na makampuni, ambazo kijana mwenye maarifa huzivutikia kwa sababu kasi yake ni kubwa na hazina matangazo. Tahadhari ni moja, nayo ni kubwa: nyingi hutoza kwa data itokayo. S3 ya Amazon hutoa GB 100 kwa mwezi bila malipo, kisha katika maeneo mengi ya Marekani hutoza senti 9 za dola kwa kila GB, hata lile faili letu la MB 500, kwa wapakuaji wake elfu moja, lamletea mwenyewe deni la dola 36 kwa zawadi aliyoitoa bure. R2 ya Cloudflare haitozi data itokayo, na kwa aliye na kadi ya malipo ni nafuu ya kweli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kasi na nafasi, yaani umri wa faili. Mwezi wa Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga hifadhi ya Megaupload kwa mashtaka ya hakimiliki, na mafaili halali ya watu wasio na kesi yakafungiwa humo pamoja na yale ya haramu. Mwaka uliofuata kampuni ya LeaseWeb ya Uholanzi ilifuta seva 630 zilizokuwa zimekodiwa na Megaupload. Hifadhi yaweza kuendelea kuwepo na bado viungo vikafa: Dropbox ilikuwa na folda ya umma iliyotumiwa sana na watengenezaji wa modi, na tarehe 15 Machi 2017 folda hiyo iliondolewa katika akaunti za bure, viungo vyake vikakoma kufunguka kwa umma. Discord, programu ya mazungumzo ambako watu waliizoea desturi ya kutupia faili katika mazungumzo na kukisambaza kiungo chake nje, ilitangaza mwishoni mwa mwaka 2023 kwamba viungo hivyo vitakuwa na uhai wa saa 24 tu nje ya programu yake. Nayo Google, tangu Desemba 2023, yaweza kuifuta akaunti ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili pamoja na vyote vilivyomo. Maana yake ni kwamba ile akaunti ya mbali niliyoishauri hapo juu sharti ifunguliwe mara kwa mara.

Kwa hiyo mwenye modi ya gemu la kompyuta afadhali aanze na hazina zilizojengwa kwa modi hasa. Nexus Mods ilianza Uingereza mwaka 2001, Mod DB ilianza Australia mwaka 2002, na zote mbili zimedumu kuliko hifadhi nyingi za jumla. Huko faili huwa na ukurasa wake, maelezo, picha, matoleo yaliyopangwa kwa tarehe, na mahali pa wachezaji kusema kilichowakwaza. Lakini nako kuna sharti za kusoma kabla ya kukubali. Mwaka 2021 Nexus iliamua kwamba mtengenezaji hataweza tena kulifuta faili lake kabisa, ila litawekwa katika kumbukumbu ili mikusanyo ya modi inayolitegemea isivunjike, na wasioridhika wakapewa muda mpaka tarehe 5 Agosti waombe mafaili yao yaondolewe. Wengi waliondoka kwa uchungu. Mimi naiona sababu ya Nexus kuwa na nguvu, maana modi moja hutegemewa na nyingine mia; ila naona pia kwamba aliyetoa kazi yake bure alistahili kuulizwa mapema. Modi ambayo zaidi ni msimbo kuliko picha yaweza kukaa GitHub, hifadhi ya msimbo, ambako katika matoleo kila faili sharti liwe chini ya GB 2 lakini upakuaji haukuwekewa kikomo. Modi ya zamani ambayo mwenyewe ameridhia ihifadhiwe yafaa kupelekwa Internet Archive ya San Francisco, taasisi isiyo ya faida iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa nia ya kuhifadhi.

Mintarafu ya usalama, hazina kubwa si kinga kamili. Mwezi wa Juni 2023 programu hasidi iliyopewa jina la fractureiser iliingizwa katika modi za gemu la Minecraft zilizokuwa katika hazina ya CurseForge, kwa akaunti zilizoibwa, ikawafikia watu waliopakua kutoka mahali walipopaamini. Drive nayo haichunguzi virusi katika faili lizidilo MB 100, ila humwonya mpakuaji kwamba halikuchunguzwa. Na faili la RAR au ZIP lililofungwa kwa nenosiri aghalabu haliwezi kuchunguzwa ndani na hifadhi, ndiyo maana ile desturi ya kuzifunga modi kwa nenosiri ili mtu atazame video mpaka mwisho alipate, naipinga waziwazi. Jambo la kufanya ni jepesi: kompyuta hukokotoa kutoka katika faili alama iitwayo SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, nayo hubadilika faili likibadilishwa hata kidogo. Mtengenezaji akiiandika alama hiyo chini ya kiungo chake, yeyote aweza kujua kama alichokipata ndicho kilichotoka mkononi mwa mwenyewe, au kimepakiwa upya na mwizi wa jina lake.

Hukumu yangu, basi, kwa modi za mabasi ya simu ni kuweka nakala moja MediaFire kwa ajili ya wapakuaji, nyingine Drive kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza imeshindwa, na ya tatu, pamoja na faili la Blender lenyewe, katika diski au kadi ya kumbukumbu iliyo mkononi mwako. Kabla hujakitangaza kiungo, kifungue katika simu ya mtu mwingine, kwa data ya mtandao wa simu, pasipo kuingia katika akaunti yoyote. Lipakue faili, litie ndani ya gemu, uliendeshe basi mpaka stendi ya pili. Likifika, kitangaze.