Maziwa Hupimwa: Je, Huduma ya Uzazi?

Ndugu mkulima, kila asubuhi upelekapo maziwa kwenye chama cha ushirika, karani huyatia katika mizani na kuandika kilo zake kitabuni. Hakuulizi kama ng'ombe wako ni mzuri, maana jibu la namna hiyo halimsaidii mtu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mkeo atokapo hospitali kujifungua, huduma aliyopewa huandikwa na nani?

Jambo hili si dogo. Mwaka 2013 mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, akatukanwa na kupigwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu, na mwaka 2018 jaji aliamua kwamba haki zake zilivunjwa, akaamuru alipwe shilingi 2,500,000. Mama asikiaye habari kama hizo huogopa hospitali. Akibaki nyumbani, na damu ikamwagika usiku mbali na daktari, aweza kufa.

Watafiti wa mradi ulioitwa Heshima waliwauliza akina mama 641 waliojifungua katika hospitali na vituo 13 vya Kenya. Mama 1 katika kila 5 alisema alidharauliwa au kutendewa vibaya. Baada ya wauguzi kufundishwa na wenyeji kushirikishwa, hesabu ilishuka kutoka 20 katika kila 100 hadi 13. Basi ubaya uliopimwa waweza kupunguzwa.

Lakini kupima kuna njia yake. Ukimwuliza mama mlangoni mwa wodi, "Umeridhika?" atasema ndiyo. Anamshukuru Mungu kwa mtoto wake, na nesi yuko karibu anasikia. Kwa hiyo wataalamu walitunga maswali 30, wakayajaribu kwa akina mama wa Migori, na kipimo hicho kikatangazwa mwaka 2017. Hakiulizi kuridhika tu, bali mambo yaliyotendeka: Je, walikuita kwa jina lako? Walikufunika walipokuwa wakikuchunguza? Walikuomba ruhusa kwanza? Walikueleza dawa ni ya kazi gani? Uliruhusiwa kuwa na mtu wako karibu? Kila jibu hupewa alama kutoka 0 mpaka 3, na jumla yake ni 90.

Mama wa Spring Valley, magharibi mwa Nairobi, akiwa na fedha na asiporidhika na hospitali moja, huenda nyingine. Parklands si mbali naye. Lakini mke wa mtunza bustani wa mtaa huo huo hana uchaguzi mwingi, sawa na mkeo wewe uliye katika skimu, mbali na lami. Mwenye fedha husema kwa miguu yake. Asiye nazo yafaa aulizwe, na jibu lake liandikwe.

Basi fanyeni hivi:

1. Mwandikishe mkeo mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Usitegemee Linda Mama ya zamani; kazi hiyo ilihamia SHA mwaka 2024.

2. Mkeo aendapo kliniki, aulize kama ataruhusiwa kuwa na mama yake au dada yake wakati wa uchungu.

3. Majuma machache baada ya kujifungua, akiwa nyumbani ametulia, mwanamke mwenzake amwulize maswali yale na kuandika majibu, bila jina lake.

4. Pelekeni daftari hilo kwa kamati ya kituo cha afya. Andikeni pia jina la nesi aliyetenda vema, apate kushukuriwa.

Usiende kwa ugomvi. Pengine nesi ni mmoja usiku kucha, vitanda vichache, na maji hakuna. Daftari litaonyesha hayo pia, na kamati itakuwa na neno la kuipelekea serikali ya kaunti.

Mwaka 2014 akina mama 61 katika kila 100 wa Kenya walijifungulia hospitali na vituoni. Mwaka 2022 walifika 82. Wameitika wito. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi yeye ndiye aulizwe.