Wadudu wa Mto Isiolo: Tuwaite kwa Ukoo au kwa Jina?

Mtu wa pwani akiulizwa mchuzi wa leo ni wa nini, akijibu "samaki" yatosha. Lakini bunju akiingia wavuni, jibu hilo laweza kuua. Hapo sharti ajulikane kwa jina. Ndivyo ilivyo kwa wanaochunguza wadudu na konokono wa mtoni.

Chukua Mto Isiolo, unaopita mjini na kumwaga maji yake Ewaso Ng'iro. Watu, mashamba na mifugo wautegemea. Mpimaji huchota viumbe hao kwa wavu, akawahesabu. Je, awatambue hadi wapi? Aishie kwenye familia, yaani ukoo. Jenasi, yaani mlango ndani ya ukoo. Au spishi, yaani mdudu mwenyewe?

Swali likiwa "maji yamechafuka?", familia kwa kawaida hutosha. Mbinu ya Afrika Kusini iitwayo SASS, ambayo Tanzania imeigeuza ifae mito yake, huzipa familia alama: wasiostahimili uchafu hupata nyingi. Chironomidae, ambao wengi hufanana na vijiminyoo, hupata 2 tu. Kazi hufanyika papo hapo ukingoni, kwa sinia na macho.

Hata hivyo ukoo huficha mambo. Baetidae wakipatikana aina moja hupewa 4, aina mbili 6, zaidi ya hapo 12. Mbinu yenyewe yakubali kwamba ndugu hawalingani.

Swali likiwa kichocho, kusema "konokono" hujasema kitu. Bulinus hubeba kichocho cha mkojo, Biomphalaria kile cha matumbo. Na jenasi nayo huenda isitoshe. Unguja na Pemba, Bulinus globosus ndiye mwenye kueneza. Ndugu yake Bulinus nasutus, anayefanana naye hadi hutenganishwa kwa vinasaba, hahusiki. Asiyewatofautisha atatia dawa bwawa lisilo na hatari na kuliacha lenye maradhi.

Basi vijana wa Isiolo, au wetu wa Sabaki na Ramisi, wanaotaka kupima mto wao waanze na swali, ndipo wachague kiwango. Wakiandike kwenye fomu, wote wakifuate, na wahifadhi baadhi ya viumbe kwenye spiriti ili mtaalamu aweze kuwarudia. Leo wakihesabu familia na mwakani spishi, hawatajua kama uliobadilika ni mto au ni hesabu.