Lenzi Isiyo na Zumu: Mambo Manne ya Kuhakiki Kabla ya Kulipa

Lenzi isiyo na zumu ina urefu mmoja tu wa fokasi, kwa mfano milimita 35, 50 au 85. Haivuti taswira, mpigapicha ndiye anayesogea. Faida yake kubwa ni mwanga. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi huwa na upenyo wa f/5.6 inapovutwa hadi mwisho. Lenzi ya milimita 50 yenye upenyo wa f/1.8 hupitisha mwanga zaidi ya mara 9 ya huo. Kwa anayejipatia riziki kwa kupiga picha za harusi usiku, tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo, lenzi bora isiyolingana na kamera yako ni hasara. Tunamshauri mlaji ahakiki mambo manne.

Kwanza, urefu. Kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi cha mwanga kilicho kidogo kuliko fremu ya filamu ya milimita 35. Katika kamera hizo, zidisha urefu wa lenzi kwa 1.6 kwa Canon, au kwa 1.5 kwa Nikon na Sony. Hivyo, lenzi ya milimita 50 kwenye Canon huona kama ya milimita 80: yafaa kwa sura ya mtu mmoja, lakini ni finyu kwa familia nzima sebuleni. Jaribu bila gharama: weka lenzi yako ya zumu kwenye 35, kisha 50, na upige picha kwa siku kadhaa bila kuigeuza.

Pili, ulinganifu. Lenzi kuingia kwenye kamera hakutoshi. Nikon D3500, kwa mfano, haina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi ya AF 50mm f/1.8D itaingia, lakini utalazimika kuizungusha kwa mkono; ile ya AF-S hufokasi yenyewe.

Tatu, hali ya lenzi iliyotumika. Unyevunyevu, hasa wa pwani, huotesha kuvu ndani ya vioo. Ondoa vifuniko vyote viwili, mulika kwa tochi ya simu, na utazame kama kuna nyuzi mithili ya utando wa buibui. Kuvu lililokomaa huweza kuacha alama zisizofutika.

Nne, risiti. Iandikwe jina kamili la lenzi, namba yake, kama ni mpya au imetumika, na muda wa dhamana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini dai lisilo na maandishi ni gumu kuthibitishwa.

Nenda dukani na kamera yako. Muuzaji akikataa lenzi ijaribiwe, usilipe.